Tonge la Kwanza la Katik Basa

Watu wa chini ya mlima Sago walikuwa hawaweki dau kwa farasi yeyote mpaka wajue kwanza Katik Basa amekula wapi.

Siku ya mbio, wanawake wa kila nyumba yenye farasi huteremka kiwanjani na masinia kichwani, wali wa moto, samaki wa bwawani, na ile nyama ya rendang iliyokaa motoni na tui la nazi mpaka ikawa nyeusi, wakayapanga chini ya turubai lao. Mwanamume akiketi kwenye sinia akatia tonge mdomoni, basi amemchagua farasi wa nyumba ile, hana haja ya kusema zaidi. Na akishakula hamsemi vibaya farasi huyo mpaka mbio ziishe, kwa kuwa kumsema ni sawa na kutema chakula mbele ya waliompikia. Wengi walikula kwa undugu. Wengine, tuseme kweli, walikula kwa njaa. Katik Basa alikula kwa kufuata kiganja chake.

Alikuwa mwendesha kigari cha farasi, kazi aliyoianza kabla ndevu hazijaota, akibeba watu na magunia ya mihogo kutoka vijijini hadi soko la Payakumbuh. Kigari hakikumtajirisha, ila kilimfundisha miguu ya farasi. Alfajiri ya mbio angepita mazizini, akachuchumaa, akafumba macho, akapitisha mkono toka gotini hadi kwenye kwato, taratibu, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Mguu mzima huwa baridi. Akiridhika angesema, "Baridi," akafuta mkono kwenye msuli wake na kwenda kula. Asiporidhika angenyamaza na kupita. Watu walimfuata nyuma kama kuku.

Imamu alimkemea siku moja mbele ya watu. "Katik, mkono huo unaotawadha nao ndio huo unaowachezesha watu kamari?"

"Mimi sichezi, Imamu," alisema. "Mimi nakula tu."

Hata Imamu alicheka, akaficha meno kwa kilemba.

Mkewe Rawiyah naye hakumwacha salama. "Ukinishika mkono," alikuwa akimwambia, "nashindwa kujua kama unanipenda au unatafuta uvimbe."

"Natafuta uvimbe."

"Umeupata?"

"Bado. Nipe muda."

Alipewa muda mwingi. Katika nchi ile nyumba ni ya mwanamke, na shamba la mpunga ni la mwanamke, na watoto ni wa ukoo wa mama yao, tena mwenye kauli juu yao ni mjomba. Mume hulala kwa mkewe kama mgeni wa heshima, anaingia jioni, anatoka alfajiri. Katik Basa aliingia na kutoka hivyo mpaka vipago vya ngazi vikalika kwa kufuata nyayo zake. Walimpata binti, Ermiati, na baada ya kukata tamaa kabisa wakampata mtoto wa kiume, Yusrizal. Baba hakuwa na la kuwaamrisha watoto hao. Alichoweza ni kuwapandisha kwenye kigari wakati wa kurudi sokoni, akamwacha Yusrizal ashike hatamu. Yule mtoto alishika hatamu kabla hajajua kufunga vifungo vya shati, na alipokuwa kijana hakukuwa na mpanda farasi mwepesi kama yeye toka Sago hadi mjini.

Kisha Rawiyah akafa, majira ya kupalilia mpunga, kwa homa ambayo mwanzoni ilionekana ndogo.

Mke akifa, mume hana tena shughuli katika nyumba ile. Watu wa kwao humjia kwa maneno ya upole, wakamchukua. Lakini wamchukue wampeleke wapi? Nyumbani kwa dada yake, Darama, kila chumba kilikuwa na binti na mume wake. Mzee wa namna hiyo hulala surau, kijumba cha mbao cha kusalia, pamoja na vijana wasiooa na wapita njia. Kila mwanamume wa pale ameanzia huko utotoni, na wengi humalizia huko, wala si aibu. Ila Katik Basa hakutaka. Alikitaka kile chumba cha nyuma ambamo Rawiyah alimfia, chenye dirisha linalotazama zizi, ambamo asubuhi angesikia mwanawe akimpigia farasi mluzi na Ermiati akigombana na kuni mbichi. Aliwataka watoto wake. Kwa umri aliofikia hakuwa na haja nyingine.

Mwenye kutoa ruhusa hiyo alikuwa kaka wa Rawiyah, Datuk Bandaro, mkuu wa ukoo wao, mjomba wa watoto na mwenye farasi aitwaye Bintang. Jioni moja alikuja, akaketi barazani, akamiminiwa chai ya majani ya kahawa kwenye kifuu.

"Shemeji, matanga yamepita zamani," alisema Datuk.

"Yamepita."

"Watu wananiuliza, huyu Katik bado yupo kwa sababu gani? Nawaambia, hajapata pa kufunga farasi wake."

"Umewajibu vizuri."

"Nimewajibu vizuri mara moja. Mara ya pili watacheka." Datuk akapuliza chai yake. "Basi sikia. Mbio zinakuja. Bintang anakimbia, na mwanao ndiye anayempanda. Njoo ule kwetu. Ule tonge la kwanza, kiwanja kizima kikuone. Ukishakula kwetu mbele za watu wewe ni wa nyumba hii, nani atakuuliza tena habari ya chumba?"

"Na nisipokula?"

"Usile kwa nini? Farasi mbovu?"

"Farasi mzuri."

"Sasa unauliza nini?"

Na kweli alikuwa mzuri. Katik Basa alikwisha kumshika miguu yote minne, baridi kama mawe ya mtoni. Alilala usingizi mzuri siku hiyo, jambo la nadra tangu mazishi.

Lakini dada yake naye alikuwa na farasi. Mtoto wake, Bustami, alikuwa akimlea Alang, kahawia, mkia mfupi, aliyepewa jina la mwewe. Siku ya soko Darama alipanda kigari cha kaka yake na kapu lake bila kuuliza.

"Nipeleke nyumbani. Silipi."

"Lini uliwahi kulipa?"

Wakaenda mpaka darajani. Kisha Darama akasema, "Wajomba wa Bustami wamekwisha wote, umebaki wewe. Tonge la kwanza la sinia letu ni lako."

"Yusrizal anampanda Bintang, Darama."

"Yusrizal ni wa akina Bandaro. Wa kwako ni mpwa wako. Mama hakukufundisha hilo?"

"Alinifundisha."

"Sasa je?"

"Nitakula mkono utakaponiambia."

"Mkono, mkono. Siku ukifa huo mkono atauosha nani? Akina Bandaro? Watakuja kukutazama tu, wale wali, warudi kwao." Alishuka kwenye njia ya nyumbani kwake, akaacha chana la ndizi kwenye kiti, akijifanya amesahau. Watu waliokuwa kwenye mashamba ya mpunga pembeni waliona kila kitu, kama wanavyoona siku zote.

Asubuhi ya mbio ukungu ulikuwa bado umelala kiwanjani. Katik Basa alimkuta mwanawe akimfuta Bintang mgongo kwa gunia. Yule farasi mweusi alimjua, akamsukuma begani kwa pua. Mzee akachuchumaa. Mguu wa nyuma, baridi. Mwingine, baridi. Wa mbele kulia, baridi. Akahamia wa kushoto, akashuka na kiganja toka gotini, na nyuma ya mfupa, pale kwenye ukano, kiganja kikasimama.

Haukuwa moto mkubwa. Ulikuwa kama joto la jiwe lililokaa karibu na jiko lililozimwa. Akabonyeza. Bintang hakuvuta mguu, alirudisha tu sikio moja nyuma.

"Jana mlimkimbiza wapi?" aliuliza.

"Kule mtoni, kidogo tu. Mjomba alikuwa na wageni, alitaka wamwone."

"Kwenye mawe?"

"Kidogo tu, Baba."

"Ana moto hapa."

"Ni jua la jana."

"Jua haliingii mguu mmoja."

Yusrizal akaacha kufuta. Alikuwa mrefu, mwembamba, na asubuhi hiyo alikuwa amejipaka mafuta nywele. "Baba, watu wa nyumbani kwa Nelwati wanakuja leo kunitazama." Katika nchi ile watu wa mwanamke ndio wanaokuja kumchagua mwanamume. "Unataka wanikute nimesimama na ndoo?"

"Nataka wakukute umesimama."

Kijana aliinama, akaugusa ule mguu mwenyewe, akaugusa mwingine, akalinganisha. Hakusikia kitu. Au alisikia, nani ajuaye. "Kaongee na Mjomba," alisema mwishoni. "Mimi si mwenye farasi."

Chini ya turubai la akina Bandaro sinia lilikuwa limekwisha kupangwa, halijaguswa, na Ermiati amesimama kando na birika la kunawia, anatabasamu. Alikuwa amepika usiku kucha. Datuk Bandaro alikuwa na wazee wenzake na wale wageni wa jana.

"Karibu, shemeji. Keti."

"Datuk, tuongee kwanza pembeni."

"Kula kwanza. Maneno hayapoi, wali unapoa."

"Nikila sitaweza kusema."

Datuk aliendelea kutabasamu kwa mdomo tu. "Basi usiseme," alijibu.

Katik Basa alimsogelea, akasema kwa sauti ya chini kadiri alivyoweza. "Mguu wa mbele wa kushoto una moto. Mtoe leo. Kuna mbio nyingine baada ya mavuno."

"Bwana mifugo alimpima, akampitisha."

"Alimpima lini?"

"Jana asubuhi."

"Nyinyi mlikwenda mtoni jana jioni."

Datuk alimtazama kwa muda, na katika muda huo huenda alikuwa anafikiri vizuri. Lakini wageni wake walikuwa wanasikiliza. "Shemeji," akasema, sasa kwa sauti ya watu wote, "Darama alikupa nini siku ile ya soko? Watu wamemwona kwenye kigari chako."

Katik Basa hakujua kusema uongo wa haraka. "Ndizi," alisema.

"Ndizi." Datuk akawageukia wenzake. "Mkungu mzima au chana?"

Walicheka sana. Mgeni mmoja alikohoa mpaka akapigwa mgongoni. Ermiati peke yake hakucheka, ameshika birika kwa mikono miwili.

Mzee akatoka chini ya turubai. Upande wa pili wa njia Darama alikuwa ameketi mbele ya sinia lake, nalo halijaguswa, anamtazama kaka yake bila kumwita. Kiwanja kilikuwa kimeanza kujaa. Watu walikuwa wanamwangalia miguu, aende wapi.

Ni hapo alipofikiri lile alilokuja kulifikiria tena kila siku iliyobaki ya maisha yake. Alijiambia hivi: Datuk anajua ninachokitaka kuliko mtu yeyote. Anajua kwamba nikila kwa Darama sina chumba, sina watoto, nimejitupa nje mwenyewe kwa mkono wangu. Mtu hajitupi nje bure. Akiniona natia tonge la kule mdomoni, atajiuliza, huyu ameona nini kwenye mguu ule? Ataogopa. Atamwita Yusrizal ashuke.

Akaliona ni jambo zuri, tena ghali. Akavuka njia.

Aliketi kwenye sinia la dada yake, akanawa. Alifinyanga tonge la wali na kipande cha nyama, akaliinua juu kidogo ili lionekane, akalitia mdomoni. Darama akafunika uso kwa ushungi, analia kwa furaha. Bustami akambusu mjomba wake mkono. Nyuma yao watu walianza kukimbia huku na huku kubadilisha madau yao, na jina la Alang likawa linaruka juu ya vichwa. Katik Basa hakuwaona. Alikuwa anatafuna na kumtazama Datuk Bandaro ng'ambo ya njia, akingoja ule mkono uinuke umwite kijana.

Datuk aliona kila kitu. Lakini aliona kile ambacho mtu yeyote wa nchi ile angekiona, mwanamume ambaye mkewe amekufa amerudi kula kwa dada yake, basi. Damu imemvuta. Kuhusu mguu wa farasi, nani angefikiri mguu wa farasi?

"Nilikwambia," mzee mmoja alimwambia Datuk. "Amerudi kwao."

"Na sisi tumtoe farasi wetu tukimbie sinia la mwanamke?" Datuk alijibu. "Mwambieni Yusrizal akaze mkanda."

Katik Basa aliona kijana anapanda. Akainuka na tonge bado shavuni, akaenda mbio hadi kwenye kamba, akapaza sauti. "Yusrizal! Shuka! Mguu huo hautamaliza mzunguko!"

Watu wa upande wa akina Bandaro walimgeukia wakiwa wanacheka. "Meza kwanza, mzee," mmoja alimwambia. "Wali wa dada yako unakutoka mdomoni." Na watu wa upande wa Alang nao wakadhani ni mzaha wa mashabiki, wakaudaka, wakaanza kuimba wote pamoja, mguu huo haumalizi, mguu huo haumalizi, wakipiga makofi. Yusrizal akapita mbele ya kamba hiyo juu ya Bintang, amenyoosha mgongo, anatazama masikio ya farasi wake. Uso ulikuwa umemwiva. Hakugeuka.

Bintang alitoka vizuri. Alitangulia nusu ya kwanza, na ilipofika kona ya mwisho, ile ya upande wa mashamba, bado Alang alikuwa anakula vumbi lake. Ndipo kichwa cheusi kikazama. Wa mbali walidhani amejikwaa tu. Wa karibu walisikia mlio, kama mwanzi mkavu uliokanyagwa. Farasi aliangukia bega, akajiviringisha, na mpandaji alikuwa chini yake. Alang akawaruka pembeni, akaenda kumaliza peke yake.

Mjomba wa nyumba iliyoshinda ndiye humwongoza farasi kuzunguka kiwanja, amefungwa kitambaa cha dhahabu begani. Kabla Katik Basa hajapata pa kupita kwenye ule msongamano, Bustami na vijana wake walikuwa wamemfikia, wamemfunga kitambaa, wamemtia kamba ya Alang mkononi. Ngoma zikaanza. Akasukumwa mbele. Alitembea. Hatua kadhaa alitembea, kamba mkononi, kama mtu anayetembea ndotoni, na kiwanja kizima kilimwona anatembea, na hilo ndilo walilolikumbuka. Hawakukumbuka kwamba baadaye aliiachia kamba ikaanguka vumbini, wala kwamba alikimbia, mzee yule, na kile kitambaa kikimfuata nyuma mpaka kikanasa kwenye uzio.

Alipofika konani walikuwa wamekwisha kumvuta kijana. Nyonga yake haikuwa mahali pake. Alikuwa macho, midomo myeupe, analiangalia lile tumbo jeusi likipanda na kushuka. Mtu mmoja alikuwa ameshachomoa kisu ili Bintang achinjwe na asife kibudu. Walimtia Yusrizal nyuma ya gari la mizigo, Ermiati akapanda, Datuk akapanda. Katik Basa akashika ubao wa gari.

"Hamna nafasi," alisema Datuk, bila kupaza sauti. Alikuwa analia. "Umeshinda, Katik. Nenda ukale."

Gari likaondoka. Mzee akabaki na farasi. Mwenye kisu alikuwa kijana, asingeweza kumtuliza farasi peke yake, kwa hiyo Katik Basa alipiga magoti akakishika kichwa cha Bintang, akamfunika jicho kwa kiganja, mpaka ikaisha.

Kesho yake Ermiati alileta kigari hadi surau ya njia panda, ile isiyo ya ukoo wowote, alikolala baba yake usiku ule. Alishusha sanduku la baba yake, kikopo cha tumbaku, na mto wa marehemu mama yake.

"Si mimi, Baba," alisema.

"Najua."

"Ni Mjomba. Na watu."

"Najua, mwanangu. Yusrizal je?"

"Hazungumzi. Akizungumza anauliza Bintang amezikwa wapi. Sijui nimwambie nini. Waliigawana nyama."

Kwa Darama nako mambo hayakuwa bora. Alimletea kaka yake wali siku za mwanzo, akauweka kizingitini bila kuingia. "Ulitupa kamba yetu mbele ya watu," alimwambia. "Tumeshinda mara moja katika maisha yetu, ukaitupa kamba." Baadaye akawa anamtuma mtu. Baadaye hata mtu hakuja. Wala hakuna aliyemwuliza tena anakula wapi. Mbio zilizofuata watu waliweka madau kwa rangi ya farasi, kwa ndoto, kwa chochote.

Walipomrudisha kijana kutoka hospitali, mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia na kidonda cha nyongani kilikuwa hakijafunga vizuri. Watu wa nyumbani kwa Nelwati walituma maneno mazuri na matunda, wakachagua mwanamume wa Batusangkar. Na kijana asiyeoa halali nyumbani kwa dada yake aliyeolewa, hilo halikuwa kosa la mtu. Datuk alitaka kumpeleka surau ya ukoo wao, lakini ile ina ngazi ndefu. Ya njia panda haina ngazi. Basi wakamlaza pale, upande wa pili wa chumba, mkeka ukitazamana na mkeka wa baba yake.

Hivyo Katik Basa akalipata alilolitaka. Alilala chumba kimoja na mwanawe, akisikia pumzi zake. Tangu Yusrizal azaliwe hawakuwahi kulala chini ya paa moja bila mzee kuondoka alfajiri kama mgeni. Lakini kijana hakusema naye. Aliswali kwa kukaa, akala alicholetewa na Ermiati, akageukia ukuta. Mzee akarudi kuendesha kigari, akarudi jioni na mihogo ya kuchemsha, akaigawa sehemu mbili, akaisukuma moja hadi katikati ya chumba. Asubuhi aliikuta imeliwa, au haikuliwa.

Mvua zilipita, na mavuno. Siku moja baada ya swala ya alfajiri, wengine wamekwisha kutoka, Katik Basa alikuwa anakunja mkeka wake aliposikia sauti ambayo nusura asiijue.

"Baba."

"Naam."

"Hebu nishike hapa."

Akavuka chumba, akachuchumaa. Kijana alikuwa amesogeza msuli, paja limekonda, na juu yake lile kovu lililovutika. Mzee akafuta mkono wake kwanza, akafumba macho, akashuka na kiganja toka nyongani, taratibu. Kiganja kikasimama. Hakikuwa na haja ya kubonyeza. Chini ya kovu, ndani kabisa, kwenye mfupa, ulikuwapo moto, wala si wa jiwe lililo karibu na jiko. Huu ulikuwa jiko lenyewe.

"Una moto?" aliuliza Yusrizal.

Katik Basa alikaa hivyo, mkono pale pale. Nje farasi wake wa kigari alikuwa anapiga kwato chini, anadai majani.

"Una moto," alisema.

Kijana akaushusha msuli, akaufunika mguu. "Usiwaambie," alisema.

"Nimwambie nani?"

Yusrizal akafikiri, na pale ndipo, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile ya ukungu, akamtazama baba yake usoni. Hakukuwa na mtu wa kuambiwa.

Mzee akainuka. Akatandika mto wa Rawiyah na gunia la majani makavu kwenye kiti cha kigari, akamfunga farasi, akamshika kila mguu kwa desturi tu, akarudi ndani kumbeba mwanawe. Alikuwa mwepesi mno. Njia ya kwenda hospitali ya mjini inapita kando ya kiwanja cha mbio, hakuna njia nyingine, na wakapita pale jua likiwa linapanda, kigari kikienda polepole kwa sababu ya mashimo, wala hakuna hata mmoja kati yao aliyegeuza kichwa.